Mbaruk wa Gazi: Mzee wa Kijijini Aliyewatoa Jasho Masultani na Waingereza

Ukisikia msee amerudi ushago, kitu ya kwanza unafikiria ni kwamba maisha imemlima. Kodi imemshinda, kazi imeisha, ama chuo kimemtapika. Hiyo ya chuo naijua vizuri, tusiiongelee sana. Niliacha masomo, nikarudi nyumbani Kwale, na kuna jirani aliyekuja kunipa pole ni kama nimefiwa.

Sasa tulia nikupe stori ya mtu ambaye familia yake ilitupwa nje ya mji, akakulia kijijini, na kutoka hicho kijiji akawakosesha usingizi masultani wa Zanzibar na jeshi la majini la Uingereza. Anaitwa Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui. Watu walimjua kama Mbaruk wa Gazi.

Kama umewahi kuja Diani wikendi na mbogi yako, ulifika karibu kabisa na kwake na hukujua. Toka Ukunda, fuata barabara ya kwenda Msambweni, na kabla hujafika huko kuna njia ya kukata kushoto inayoingia Gazi. Matatu za Lunga Lunga hupita hapo mbio, hakuna anayegeuza shingo. Ni kijiji cha Wadigo, minazi, ngalawa na mikoko, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukiambiwa hapo ndipo palipangwa vita vilivyoita wanajeshi kutoka India, utadhani unabebwa ufala. Lakini ni ukweli.

Bifu ilianzia Mombasa

Kitambo, kabla ya mzungu kuweka gava yake hapa, Mombasa ilikuwa mkononi mwa Wamazrui. Ni ukoo uliotoka Oman, ukawa na maliwali wa Mombasa kwa karibu miaka mia moja. Walianza kama watu wa kutumwa na Oman, lakini ukoo wa Busaid uliposhika usultani huko, Wamazrui walikataa kuinama. Wakajiendeshea mji wao wakiwa Fort Jesus.

Sultan Seyyid Said hakupenda hiyo tabia. Alituma merikebu mara kadhaa, na mwaka 1837 hatimaye akaipata Mombasa. Liwali wa mwisho wa Mazrui alikuwa Rashid bin Salim. Yeye pamoja na wakubwa wengine wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakapakiwa kwenye meli na kupelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi. Hawakurudi tena.

Huyo Rashid bin Salim ndiye baba ya Mbaruk.

Hebu fikiria. Wewe ni mtoto mdogo. Baba yako alikuwa mkubwa wa mji mzima, halafu siku moja hayuko, na hata kaburi lake hutaliona. Ukoo uliobaki ukagawanyika mara mbili. Wengine walienda kaskazini, wakatulia Takaungu, huko Kilifi. Wengine wakashuka kusini, wakaingia Gazi. Mbaruk akawa mtoto wa Gazi.

Kwa nini Gazi?

Usidhani walichagua tu mahali penye hewa nzuri. Gazi imejipanga. Mbele kuna ghuba, na ghuba hiyo imekingwa na rasi ya Chale upande wa mashariki na miamba upande wa kusini. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni inaingia humo. Kila mahali kuna mikoko. Jahazi linajua njia ya kuingia, lakini meli kubwa ya kivita lazima ikae mbali. Nyuma ya kijiji ardhi inapanda taratibu mpaka Shimba Hills, na huko juu ni msitu mzito.

Ndani ya hayo mapori, mahali panapoitwa Mwele, ndipo Mbaruk alipoweka ngome yake ya siri. Mpango ulikuwa rahisi. Mambo yakiwa shwari, anakaa Gazi, anasimamia mashamba na biashara. Mambo yakichacha, anapanda Mwele na watu wake, na yeyote anayemtaka amfuate huko msituni kwa miguu.

Lakini msitu peke yake haumlishi mtu. Mbaruk alidumu kwa sababu alikuwa na watu. Wadigo na Waduruma wa maeneo hayo walikuwa majirani zake, washirika wake, na wakati mwingine wapiganaji wake. Waliojua njia za kaya, visima na mashamba ya bara ni wao. Bila wao Mbaruk angekuwa tu Mwarabu mwenye hasira kwenye nyumba kubwa.

Na hapa lazima nikuambie upande mwingine, maana sitaki uweke picha yake kwenye tisheti bila kujua. Utajiri wa Wamazrui, wa Gazi na wa Takaungu, ulikaa juu ya migongo ya watumwa. Mashamba ya nafaka na minazi yalilimwa na watu walionunuliwa. Sehemu ya jeshi lake pia ilikuwa watumwa. Huyu si Mekatilili. Alipigania uhuru wake na heshima ya ukoo wake, na wakati huo huo alikuwa bwana wa watu ambao hawakuwa na uhuru wowote. Shika hizo mbili pamoja, usiachilie moja.

Masultani walichoka

Mbaruk alipokuwa mtu mzima na kushika uongozi wa Gazi, hakusahau nani alimchukua baba yake. Zanzibar ilimtaka awe mpole, na kuna miaka alikuwa mpole. Halafu anaamka siku moja amebadilika. Kuanzia miaka ya 1870 alikorofishana na Sultan Barghash mara si moja.

Ile kubwa ilikuwa 1882. Watu wa Mbaruk walishambulia Vanga, bandari iliyo karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania. Barghash akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, amfuate. Mathews akapanda mpaka Mwele, akaizingira ngome, ikaanguka. Mbaruk? Amehepa. Baadaye mambo yakatulizwa, na akarudi kuishi Gazi ni kama hakuna kitu ilifanyika.

Hapo ndipo unaona nguvu ya kijiji. Mtu wa mjini ukimnyang'anya ofisi amekwisha. Mbaruk ulimnyang'anya ngome, na bado kulikuwa na watu wa kumficha, wa kumpa chakula, na wa kumwambia askari wamefika wapi.

Halafu wazungu wakaanza kugombania pwani. Katikati ya miaka ya 1880 Mbaruk alicheza kadi ambayo hakuna aliyeitarajia: alipandisha bendera ya Ujerumani pale Gazi. Hakuwapenda Wajerumani kuliko mtu mwingine. Alitaka tu Sultan ajue kwamba kuna mlango mwingine wa kubisha. Lakini mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana, mstari ukapita kusini mwa Vanga, na Gazi ikaangukia upande wa Waingereza. Hakuna mtu wa Gazi aliyeulizwa.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kazi rasmi, ikiwa imekodisha pwani kutoka kwa Sultan. Ilijua huyu mzee ni wa kubembelezwa. Ikampa posho, naye akakaa vizuri nayo. Kwa miaka michache ilionekana bifu imekwisha. Mbaruk alikuwa mzee sasa, ana nyumba yake kubwa, ana doh, ana jina. Angeweza kumalizia maisha hapo akila samaki wa ghuba ile na kusikiliza upepo wa kusi.

Mgeni aliyeharibu kila kitu

Februari 1895, chifu wa Wamazrui wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Wagombea wa kiti walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, ambaye kampuni ilimpenda. Mwingine alikuwa binamu yake aliyeitwa Mbaruk bin Rashid. Ndio, jina ni lile lile la mzee wetu, usichanganyikiwe. Kwa hesabu za ukoo, wengi waliona zamu ilikuwa ya huyu Mbaruk mdogo. Kampuni ikamweka Rashid.

Mbaruk wa Takaungu akachukua silaha. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amefukuzwa kaskazini, na akakimbilia kwa mtu mmoja aliyejua hatamkataa. Akaja Gazi.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mzee. Anakula posho ya Waingereza. Wamemtumia ujumbe kwamba amtoe huyo mgeni. Akimtoa, anabaki na nyumba, mashamba na amani. Akimficha, anajua kitakachofuata, maana ameshaona ngome ikianguka.

Alivuta muda. Alizungusha wajumbe. Mwisho wa siku hakumtoa.

Kuna watu watakuambia ni heshima ya Kiarabu, mgeni hatolewi. Mimi naona pia alipiga hesabu. Kama Waingereza wanaweza kuamua nani awe chifu Takaungu, basi siku akifa yeye, wataamua nani awe chifu Gazi. Na baba yake alikuwa amechukuliwa na watu wa aina hiyo hiyo, wenye meli na maneno matamu.

Wakati mbaya kuliko huo hakuna. Tarehe 1 Julai 1895 kampuni iliondoka, na serikali ya Uingereza yenyewe ikatangaza kwamba hii yote sasa ni himaya yake, Arthur Hardinge akiwa mkuu. Mbaruk alianza kugombana na kampuni iliyofilisika. Akajikuta anagombana na dola.

Agosti 17

Waingereza walikuja Gazi, wakakuta mzee ameshapanda Mwele. Wakamfuata. Aliyeongoza ni Admirali Harry Rawson, pamoja na wanamaji wake na askari wa Zanzibar wakiwa na Mathews yule yule wa 1882. Walitembea kwenye jua la Agosti, wakapenya msitu, na tarehe 17 Agosti 1895 wakaishambulia Mwele. Ngome iliyokuwa kimbilio lake kwa miaka na miaka ikachukuliwa na kubomolewa.

Huyo Rawson si jina dogo. Mwaka uliofuata, Agosti 1896, ndiye aliyeipiga Zanzibar kwa mizinga katika vile vita vya chini ya saa moja. Mwaka 1897 akaenda Benin, Nigeria, ile safari ambayo hazina za shaba za huko zilibebwa mpaka leo watu wanadai zirudishwe. Mwele ilikuwa ya kwanza kwenye hiyo orodha. Walioshiriki walipewa medali zilizochongwa jina la Mwele ukingoni. Yaani kuna makabati huko Uingereza yana jina la pori la Kwale, na wewe wa Kwale pengine unalisoma leo kwa mara ya kwanza.

Na mzee? Amehepa tena.

Kilichofuata kilikuwa vita vya msituni kwa miezi minane hivi. Hakuna mstari wa mbele. Leo wameshambulia hapa, kesho wako kule. Upande wa kaskazini, Hamis bin Kombo wa Mtwapa naye aliingia, na pwani yote kuanzia Vanga mpaka karibu na Malindi ikawa haina usalama. Waingereza wakaona hawatoshi, wakaita kikosi kutoka India, kikafika Machi 1896.

Lakini angalia nani aliumia zaidi. Askari akikosa kumpata mpiganaji, anachoma kijiji kilichomlisha. Mpiganaji akikosa chakula, anachukua cha mwanakijiji. Mahindi ya Mdigo yalipotea mara mbili. Hakuna medali iliyochongwa kwa ajili ya hao.

Kuvuka mpaka

Aprili 1896 mzee alikuwa amebanwa. Akachukua watu wake, zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, akavuka kusini na kuingia upande wa Wajerumani. Akasalimisha silaha kwa gavana Hermann von Wissmann. Wajerumani waliogawana pwani bila kumuuliza, sasa ndio waliompa pa kulala.

Mwezi uliofuata, Mei 1896, pale Mombasa ulianza kuwekwa mtaruma wa kwanza wa reli ya kwenda Uganda. Mwaka 1899 reli ikafika kwenye kinamasi kimoja baridi ambacho leo unakiita Kanairo. Kwa hiyo ukikaa kwenye keja yako huko Pipeline ama Kayole ukicheka watu wa ushago, kumbuka jiji lako lina umri mdogo kuliko bifu ya Gazi. Ni baada ya kijiji kunyamazishwa ndipo jiji likapata njia ya kujengwa.

Mbaruk aliishi Dar es Salaam kama mkimbizi. Alikaa huko miaka 14. Gazi haikuwa mbali, ungeenda kwa jahazi upepo ukiwa mzuri. Hakurudi kuishi tena. Alifariki huko mwaka 1910.

Ukikunja hiyo hadithi unaona kitu kinachouma. Baba alitolewa mjini, akafia nchi ya mbali. Mtoto alitolewa kijijini, akafia mji wa mbali.

Waliobaki

Sasa turudi Gazi, maana kijiji hakikuhama na mzee.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani hii. Waliokuwa watumwa wakawa huru, bila shamba hata la kupanda muhogo. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, kila mwenye madai alete ushahidi. Aliyejua karatasi na mahakama alipata. Wadigo wengi na waliokuwa watumwa, ambao ushahidi wao ulikuwa mnazi wa babu na kaburi la bibi, waliamka wakiwa maskwota kwenye ardhi wanayoilima. Ukisikia leo watu wa pwani wanapiga kelele za mashamba, hiyo kelele ina zaidi ya miaka mia moja.

Nyumba ya Mbaruk ilibaki, na kwa miaka mingi ikatumika kama shule. Watoto wa Kidigo walijifunza kusoma kwenye kuta za bwana mkubwa. Mlango wake wa kuchonga ulipelekwa makumbusho ya Fort Jesus. Ngome ile ile ambayo ukoo wake ulinyang'anywa mwaka 1837. Mwenyewe alipigana maisha yake yote na hakuwahi kuirudia kama mwenye mji. Mlango wake umefika.

Na mikoko? Ile iliyomkinga mzee ilikatwa vibaya, hasa miaka ya 1970, ikaenda kuwa kuni za viwanda. Kijiji kilianza kuona samaki wanapungua na bahari inakula fukwe. Wakaanza kupanda tena, mche mmoja baada ya mwingine, kwenye matope yanayofika magotini. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Doh inaingia kwenye maji na shule za kijiji. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Kina mama nao wana daraja lao la mbao katikati ya mikoko, unalipa kidogo, unatembea, halafu unakula wali wa nazi na samaki.

Mimi nimekaa na hii stori muda, na kila nikiizungusha inanirudisha hapo hapo. Mbaruk alikuwa jasiri, hilo simnyimi. Lakini kwake Gazi ilikuwa mahali pa kujificha na pa kulipizia kisasi, na alipoondoka alibaki na jina tu. Wale ambao Gazi ilikuwa nyumbani kwao, hawakuwa na pa kuvuka. Walibaki, wakazika, wakapanda. Leo ukifika huko, wajukuu wao ndio watakaokuonyesha nyumba yake ilipo.

Kwa hiyo siku ukija Diani, usiishie Ukunda. Panda matatu ya Lunga Lunga, mwambie konda akushushe Gazi, utembee mpaka baharini. Na kama uko kijijini saa hii unasoma hii ukiona aibu kwa sababu wenzako wako mjini, jirani wangu wa pole anakusalimia. Mwambie hujafiwa.